Njia ya Kurudi Mlimani

Tulifika kwenye gulio la mahindi mkoani Rukwa kabla ya saa mbili asubuhi. Profesa niliyekuwa msaidizi wake wa utafiti alishuka kwenye gari na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano chini na uso kama wa saa ya ukutani. Dodoso aliliacha kwenye kiti. Alimwomba kijana mmoja wa kupakia amsaidie kutundika gunia kwenye boriti ya banda la ushirika. Lilikuwa lumbesa, limeongezwa kichwa juu na kushonwa kwa kamba ya katani. Mizani ikasoma kilo 124. La pili lilikuwa na 118. La tatu 131, na boriti ikalia. Mkulima alilipwa bei ya gunia moja, na gunia moja kwenye fomu tulizopewa mjini ni kilo 100. Profesa akaandika kwenye daftari lake la jalada gumu, kisha akanigeukia: "Mwanangu, hiyo bei ya kilo mnayoisoma Dar es Salaam imeandikwa na mtu ambaye hajainua gunia."

Miezi minne baadaye tulikuwa tumeshakabidhi rasimu. Jedwali la nne lilionyesha mambo mawili: kipato ambacho mkulima hupoteza kwenye lumbesa, na jinsi bei ya shambani inavyoanguka kila mpaka unapofungwa ili mahindi yasitoke nchini. Nilikuwa ofisini kwake simu ilipoita kutoka kwenye ofisi iliyotuagiza kazi. Aliweka sauti ya nje kwa sababu alikuwa anatafuta miwani.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, Profesa. Tumeipitia rasimu, imekaa vizuri sana. Ila wakubwa wanaona jedwali la nne lisubiri kidogo. Siyo kwamba lina makosa."

"Kama halina makosa, litabaki. Mkitaka kulitoa, litoeni pamoja na jina langu. Naomba uniwie radhi, nina darasa saa nne."

Akakata simu, akachukua chaki, akaenda. Awamu ya mwisho ya malipo haikuja. Nilikuwa kijana na nilihitaji sehemu yangu ya fedha zile, kwa hiyo sitajifanya kwamba nilifurahi siku hiyo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba neno zito katika mazungumzo yale halikuwa "litoeni". Lilikuwa "darasa". Aliweza kukataa kwa sababu saa nne palikuwa na ukumbi unaomsubiri, na mwisho wa mwezi palikuwa na mshahara usiotegemea jedwali la nne.

Nimeikumbuka simu ile kila nilipofikiria safari ya mchumi wa chuo anayeitwa kuishauri serikali. Mijadala yetu huishia kwenye akili ya mtu: ana shahada ya wapi, ameandika nini, ni wa soko huria au wa mipango. Mimi naangalia kama ana pa kurudi. Mshauri mwenye njia ya kurudi anaweza kusema hapana na kesho akaendelea kula. Asiye nayo atajifunza, taratibu na bila mtu kumlazimisha, kusema kile kinachotarajiwa. Wala hatakuwa muongo. Ataacha tu majedwali fulani yasubiri.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki Februari 2021. Alichukua udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akarudi kufundisha uchumi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Nairobi kuliongoza shirika la utafiti wa uchumi wa Afrika, AERC, akapita Benki ya Dunia, na kuanzia Januari 2008 hadi Januari 2018 akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania. Wengi wanamjua kwa kipande hicho cha mwisho, saini yake ikiwa kwenye noti. Mimi naanzia mwanzo, kwa sababu huko mwanzo ndiko alikopata alichokuja kutumia baadaye.

Tuliokuwa wadogo miaka ya mwanzo ya 1980 tunakumbuka foleni ya sukari na sabuni, na bei ya kuruka ya kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vimekula akiba, mafuta yamepanda, na mazao ya kuuza nje yameporomoka. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilitaka shilingi ishushwe thamani. Mwalimu Nyerere alikataa. Mwishoni mwa 1979 Edwin Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu kwa sababu ya mvutano huo, na katika salamu za mwaka mpya 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi ni lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Katika hali hiyo, kusema hadharani kwamba shilingi imepandishwa mno kulionekana kama kuisaliti nchi.

Wachumi wa Mlimani walisema. Mwaka 1984 idara ya uchumi pamoja na kitengo chake cha utafiti waliitisha warsha juu ya sera za kuuimarisha uchumi. Majina yaliyosikika katika mjadala huo wa miaka ile ni pamoja na Ibrahim Lipumba, Samuel Wangwe, na Ndulu mwenyewe. Hoja ya Ndulu ilikuwa ya kifundi na yenye nguvu. Viwanda vyetu, alisema, vimekosa hewa: vinahitaji vipuri na malighafi kutoka nje, fedha za kigeni hazipo kwa sababu mauzo ya nje yamedidimia, na kila unapobana uagizaji ili kuokoa dola unaua uzalishaji ambao ungeleta dola nyingine. Ukiielewa hesabu hiyo, unaona kwamba bei ya shilingi haiwezi kubaki suala la heshima ya taifa peke yake. Inamfikia fundi wa kiwanda cha nguo ambaye mashine yake imesimama kwa kukosa beringi moja.

Hawakupendwa na wote. Palepale chuoni walikuwapo wenzao, watu makini, waliowaona wanaiimbia IMF wimbo wake. Sidhani kuwa upande ule ulikuwa wa wajinga: waliona mapema kwamba elimu na afya vingeumia, na viliumia. Lakini mabishano yalifanyika uso kwa uso, na maofisa wa serikali wamekaa ukumbini wanasikiliza. Bajeti ya 1984 ikashusha shilingi kutoka kama 12 hadi kama 17 kwa dola, ikaondoa ruzuku ya sembe, na mwaka huohuo mlango ukafunguliwa kwa wenye fedha zao nje kuleta bidhaa. Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, ikaja programu ya kufufua uchumi na shilingi ikashuka hadi kama 40. Siwezi kusema warsha ya Mlimani ndiyo iliyogeuza nchi. Njaa ya fedha za kigeni iligeuza zaidi. Ila nchi ilipogeuka, ilikuta watu wake wenyewe wameshaifikiria njia na wanaweza kukaa upande wa pili wa meza wakijadili na wageni kwa takwimu zao. Hilo ni deni kubwa ambalo hatulitaji vya kutosha.

Kumbuka pia walikuwa wanaishi vipi. Mshahara wa mhadhiri wa miaka ile haukumaliza mwezi. Nyuma ya nyumba za Mlimani palikuwa na mabanda ya kuku na ng'ombe wa maziwa, na hapakuwa na aibu ndani yake. Chuo kiliwapa kitu kingine: kichapisho chenye jina lao, wenzao wa kuwapinga, na nafasi ambayo ofisa wa wizara hakuweza kuifuta kwa simu moja.

Mwaka 1958 Arthur Lewis aliondoka Accra. Mchumi huyu wa Saint Lucia, ambaye mwaka 1979 angepata Tuzo ya Nobel, alikuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Kwame Nkrumah kwa muda usiotimia miaka miwili. Aliona fedha za maendeleo zinamwagwa Accra na wakulima wa kakao wanakamuliwa kuzilipia. Alisema, hakusikilizwa. Nkrumah alimwandikia kwa uungwana kwamba ushauri wake ni mzuri kiuchumi, lakini yeye ni mwanasiasa na lazima acheze kamari na wakati ujao. Lewis akafunga mizigo, na muda si mrefu alikuwa anakiongoza chuo kikuu cha visiwa vya Karibi. Wapo wanaomlaumu kwamba aliondoka mapema. Mimi naona aliondoka na hesabu zake zikiwa safi, na Ghana ilipokuja kuhesabu madeni yake miaka ya sitini hakuna aliyeweza kusema kuwa hakuambiwa.

Turudi nyumbani. Mwaka 1994 serikali na wafadhili walifikia kutoaminiana kabisa. Misamaha ya kodi ilikuwa imezidi na wafadhili wakazuia fedha. Denmark na Tanzania zikakubaliana kuunda jopo huru la wachumi watano: Gerald Helleiner, Tony Killick, Knud Erik Svendsen, Lipumba na Ndulu. Ripoti ikatoka Juni 1995. Ninaipenda ripoti hiyo kwa sababu haikumpendeza mtu. Iliwaambia wafadhili kwamba wameivamia serikali kwa miradi isiyohesabika hadi mawaziri hawajui fedha ziko wapi, na ikaiambia serikali kwamba imeachia usukani na kuvumilia ufisadi. Chini ya Rais Mkapa, Januari 1997, pande zote mbili zilikubaliana hatua 18 za kubadilisha mwenendo, na baadaye Wangwe akaongoza kikundi huru cha kukagua kama kweli wanazitekeleza.

Waangalie tena wale watano. Helleiner alikuwa na chuo chake Toronto, naye aliwahi kukiongoza kitengo cha utafiti wa uchumi Mlimani miaka ya sitini. Killick alikuwa na kituo chake London, Svendsen na chake Copenhagen, Ndulu na Nairobi, Lipumba na Mlimani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anangoja cheo kutoka kwa mtu aliyetajwa kwenye kurasa zile. Lipumba alikuwa ameshakuwa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi mwanzoni mwa miaka ya tisini na kuiacha kazi hiyo. Mwaka huohuo wa 1995 aligombea urais kwa tiketi ya CUF. Unaweza kutokubaliana na siasa zake za baadaye, lakini safari yake inaonyesha kwamba mtu alitoka Ikulu na bado alikuwa na jina lake mwenyewe.

Kazi ya Ndulu pale Nairobi nadhani ndiyo kubwa kuliko zote alizofanya, na ndiyo isiyo na picha kwenye magazeti. AERC ilianzishwa mwaka 1988, wakati vyuo vya Afrika vinakauka. Utaratibu wake ulikuwa mkali na wa haki: unaleta andiko la utafiti, unasimama mbele ya wachumi kutoka nchi nyingi za bara hili, wanalichambua mfupa kwa mfupa, unarudi nyumbani kulirekebisha, na baada ya miezi sita unasimama tena. Mwaka 1993 ikaongezwa programu ya pamoja ya shahada ya uzamili, ambapo wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukutana Nairobi kusoma masomo ya kuchagua ambayo chuo kimoja kisingeyamudu. Utakuta waliopita huko katika Hazina na benki kuu nyingi za kanda hii. Kijana aliyezoea kusahihishwa na mwenzake wa Ibadan au Kampala, tena mbele ya watu, haogopi sana waziri akikunja uso.

Kisha Benki Kuu. Ndulu alishika usukani wakati mbaya: mtangulizi wake, Daudi Ballali, alikuwa ameondolewa kwa sababu ya wizi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, shilingi bilioni 133. Mwaka huohuo msukosuko wa fedha ukaikumba dunia. Desemba 2011, kwa sababu ya bei za vyakula, mafuta na mgao wa umeme, mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8. Benki Kuu ikakaza fedha, na katikati ya 2013 ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10.

Ninachomsifu kwa moyo wote ni uamuzi mwingine. Huduma za pesa za simu zilipoanza kuenea mwaka 2008, hapakuwa na sheria inayozihusu moja kwa moja. Benki Kuu ingeweza kusema subirini sheria. Badala yake ilitoa barua za kutokuwa na pingamizi kupitia benki zilizoshirikiana na kampuni za simu, kwa sharti kwamba kila shilingi iliyomo kwenye simu iwe na shilingi yake kwenye akaunti ya amana benki. Ikakaa inaangalia, inahesabu, inajifunza. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2015, ikiwa imeandikwa na watu walioshaiona biashara yenyewe. Kwa tafiti za FinScope, watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa kama asilimia 16 mwaka 2009, 57 mwaka 2013, na 65 mwaka 2017. Hapo naona mtafiti ndani ya joho la gavana: pima kwanza, ndipo uandike kanuni. Ni ile mizani kwenye boriti.

Lakini cheo hubadilisha uzito wa neno hapana. Mwishoni mwa 2013 zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa kwenye akaunti ya escrow ya Tegeta, iliyokuwa Benki Kuu ikitunza fedha hizo mpaka mgogoro wa malipo ya umeme uishe. Bunge lilipochachamaa Novemba 2014, Mwanasheria Mkuu alijiuzulu na mawaziri wakaondoka, Gavana alibaki. Sisemi kwamba kosa lilikuwa lake, maana Benki ilikuwa na maelekezo ya serikali. Nasema kwamba profesa akikataa jambo anakosa awamu ya mwisho ya malipo, lakini gavana akikataa agizo la serikali nchi nzima inatikisika, na kwa hiyo hukataa mara chache zaidi. Ndiyo maana siamini kwamba kumpa mchumi mzuri cheo kikubwa ndiyo njia bora ya kumtumia. Tunampata mtendaji, tunampoteza shahidi.

Na mashahidi wamepungua. Mlimani ya leo haina tena kuku nyuma ya nyumba. Ina ushauri elekezi. Mhadhiri hupokea hadidu za rejea zilizoandikwa na anayelipa, akizitimiza hulipwa, na andiko hukaa kwenye kabati la anayelipa. Siwalaumu, mimi mwenyewe nimekula mkate huo. Ila tazama matokeo yake: miaka ya themanini ulijua Ndulu anasema nini juu ya shilingi kwa sababu lilichapishwa. Leo mchumi anaweza kuwa ameiambia wizara ukweli mchungu kabisa juu ya kodi au mbolea, na wewe mlipa kodi usijue kamwe.

Kati ya Septemba 2018 na katikati ya 2019 hali ilikuwa mbaya zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuwa kosa kusambaza takwimu zenye lengo la kupotosha au kutilia shaka zile rasmi. Fikiria lumbesa zetu tatu chini ya sheria hiyo. Fomu rasmi inasema kilo 100, mizani inasema 131. Kifungu kile kiliondolewa, na nawashukuru waliokipinga wakiwa ndani na nje ya serikali, lakini najua watafiti ambao mpaka sasa huweka namba kwenye droo kwanza na kuuliza baadaye.

Kenya wana mtindo mwingine. David Ndii, mchumi aliyesoma Oxford na kuandika kwa miaka akikosoa mikopo ya serikali ya Jubilee ya Uhuru Kenyatta, ameongoza baraza la washauri wa uchumi wa Rais Ruto tangu 2022, na hujibizana na wananchi hadharani kila siku. Wapo wanaoona lugha yake ni kali mno. Mimi ningependa zaidi mshauri ninayemsikia na kumkasirikia kuliko nisiyemjua jina.

Kwetu ningeanza na jambo dogo la karatasi. Mwezi uliopita msichana niliyewahi kumfundisha, mhadhiri msaidizi sasa, tena hodari kuliko nilivyowahi kuwa mimi, alinipigia kwamba ameitwa kitengo cha sera cha wizara moja. Aliniuliza kama aende. Nilimwambia aende kwa moyo mweupe, serikali inamhitaji, ila ahakikishe barua inasema ameazimwa, isiseme amehamishwa. Aliyeazimwa nafasi yake chuoni inatunzwa, ana mwaka wa kurudi, anaendelea kusimamia wanafunzi wake. Juzi alinitumia picha ya barua. Iliandikwa "uhamisho". Amewaandikia utumishi kuomba irekebishwe, na ameniambia kwamba mpaka wajibu, daftari zake za takwimu hazitoki ofisini kwake chuoni.